Daktari Kutoka Kaloleni

Nabalayo hakuwa na pasi. Hakuwa na redio, wala saa ya ukutani, wala sufuria kubwa ya kupikia wageni. Hakuwa na pazia la mlangoni. Hakuwa na koti la marehemu mume wake, lile la kazi ya baraza la jiji lenye vifungo vya shaba, ambalo aliwahi kuapa kwamba hatalitoa nyumbani mpaka afe. Hakuwa na kioo cha kujitazama. Hata mfereji wa nje aliokuwa akitumia pamoja na majirani haukuwa tena na bomba. Liling'olewa likauzwa kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu, na tangu siku hiyo majirani wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, walikuwa wakikinga maji kwenye tundu la ukuta huku wakimtazama kwa pembe ya jicho.

Vitu hivyo vyote vilitoka kwa mkono mmoja, mkono wa mwanawe wa kwanza, Wesonga. Alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini, akarudi baada ya mwaka mmoja bila kazi na akiwa mtumwa wa unga wa kulevya. Nabalayo alidhani unga huo huvutwa kama sigara. Hakuwahi kuona zaidi ya moshi na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Januari mwaka wa 1999 alifanya walivyofanya wazazi wengi wa mitaa ya Eastlands wakishindwa na watoto wao: alimrudisha nyumbani. Huko kwao, chini ya Mlima Elgon, hakuna unga. Kuna jembe, ng'ombe, na wajomba wakali. Alimpeleka yeye mwenyewe, pamoja na kitinda mimba wake Triza, mwenye miaka tisa, ambaye angesoma huko kwa sababu shule ya kijijini ilikuwa karibu na nyumba ya babake mdogo, Andati.

Watu wa nyumbani walipouliza kwa nini kijana amekonda hivyo, aliona haya. Alisema Wesonga alikuwa akifanya kazi hospitalini Mombasa, akachoshwa na zamu za usiku. Uongo huo ulimtoka kinywani bila kukwama. Akarudi Nairobi, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne akalala usiku kucha.

Mvua za Aprili zilipokuwa zimekolea, Ijumaa moja jioni, wifi yake Asenath alibisha mlangoni akiwa na mkungu wa ndizi kichwani na kicheko mdomoni.

"Mulamwa!" alisema, kwa neno la kwao la kuitana mawifi, kabla hata hajaketi. "Wewe ni mtu wa siri kama nini! Una daktari nyumbani na husemi?"

"Daktari gani?"

"Si Wesonga! Kijiji kizima ni 'Dokta, Dokta'. Andati siku hizi anatembea tumbo mbele utadhani ndiye aliyemzaa."

Nabalayo alicheka bila kujua anacheka nini. Alimimina chai. Asenath aliipuliza, akaendelea.

"Malaria ya mwaka huu imetushika vibaya. Zahanati yetu haina hata panadol, unapewa karatasi tu ukanunue. Basi siku moja mtoto wa jirani alikuwa akirusharusha macho, na dawa ipo lakini hakuna wa kumdunga. Wesonga akasema, 'Leteni.' Akatoa sindano yake. Ile ya kioo, anaitunza kwenye kikasha cha bati kama Biblia. Akamdunga, na kesho yake mtoto akaomba ugali. Tangu hapo! Mama Sella, yule mnene ambaye manesi humtafuta mshipa mpaka wanatokwa jasho, Wesonga aliupata mara moja. Tukasema, kweli huyu alifunzwa hospitalini, kama ulivyotuambia."

"Na anaisafisha hiyo sindano?" Nabalayo aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza.

"Anaisuuza, kwani sisi ni washenzi? Kuna maji ya moto ya chupa ya chai. Anasuuza, anaita mwingine. Na watoto hawalii! Kwanza anajidunga yeye mwenyewe mkononi, maji tu, wamwone haumii. Halafu anauliza, 'Nani shujaa anifuate?' Wanagombania foleni, mulamwa. Tena ana wanafunzi, vijana watatu wa pale. Jioni wanajifungia naye kwenye kibanda chake cha ujana wakifundishwa kazi. Hata ulevi wa busaa wameacha."

Nabalayo alitaka kuuliza kwa nini wanajifungia. Lakini furaha ilikuwa na sauti kubwa zaidi. Mama aliyekuwa akiitwa mama wa mwizi kwenye foleni ya maji alikuwa sasa mama wa dokta. Aliuliza kuhusu Triza.

"Huyo nilimwacha na joto," Asenath alisema. "Usiku anatetemeka. Dawa yote imeisha sokoni kwetu, ndiyo maana nimekuja mbio. Kesho asubuhi napitia River Road, nabeba penisilini na klorokwini ya kutosha, napanda gari. Jumapili baada ya ibada Wesonga anadunga wote. Dadake atakuwa wa kwanza, amekwisha kuahidi."

Asubuhi Asenath alikwenda zake. Nabalayo alifagia, akaosha vikombe, akakaa, akasimama. Furaha ilimkera kwa kukosa wa kuisikia. Mwishowe alikata chana la ndizi akavuka uwanja wa mtaa kwenda kwa Teresiah.

Teresiah alikuwa akiuza sukumawiki na viazi Muthurwa. Mwanawe Mugo na Wesonga walikua pamoja, wakaharibika pamoja, na kila mama alisema mtoto wa mwenzake ndiye aliyemharibu wake. Kwa hiyo hawakuwa wakisalimiana. Ila mtaa mzima ulijua kwamba Mugo yuko kitandani tangu Krismasi, na kumtembelea mgonjwa si dhambi. Nabalayo alijiambia hivyo njiani, ingawa moyoni alijua anakwenda kujivuna.

"Haki leo umepotea njia, Mama Wesonga," Teresiah alisema mlangoni, mikono kiunoni.

"Nimeleta ndizi za mgonjwa."

"Za kwenu ama za shamba la mtu? Nauliza tu. Kwenu vitu huwa havijulikani vimetoka wapi."

"Za kwetu. Zimeletwa na shukrani." Nabalayo aliinua kidevu. "Wesonga amekuwa mtu. Anatibu watu."

"Wesonga?" Teresiah alicheka hadi akashika mlango. "Anatibu watu ama anawaibia dawa?"

"Anadunga sindano kijiji kizima. Wanamwita dokta: mtoto wa kufa kesho yake aliomba ugali, mama mnene aliyewashinda manesi alimpata mshipa mara moja, na jioni anafundisha vijana watatu."

Ndani, nyuma ya shuka lililogawanya chumba, kitanda kililia. Sauti nyembamba ikasema, "Mathe, mwache aingie."

Nabalayo aliingia, ndizi zikiwa bado mkononi. Mugo, aliyekuwa mlinda lango wa timu ya mtaa, alikuwa amelala kama nguo iliyoanuliwa kutoka kambani. Macho yake yalikuwa ya manjano. Vidonda vilimzunguka mdomo.

"Anadunga na sindano gani?" Mugo aliuliza.

"Pumzika, mwanangu. Ni hadithi tu za..."

"Ni ya kioo?"

"Ya kioo."

"Iko kwa kamkebe ka bati? Kamebonyea hapa kando?"

"Wifi yangu alisema kikasha cha bati. Kubonyea sijui."

Mugo alifumba macho. Teresiah, ambaye sasa alikuwa hacheki tena, alimshika mkono.

"Hiyo ni yetu," Mugo alisema. "Alikuja nayo kutoka Mombasa. Moshi ulikuwa haututoshi tena, akatuonyesha. Tulikuwa wanne na sindano moja. Mimi, yeye, Dedan, na Odero. Ukijidunga, damu yako inaingia kwanza ndani ya kioo, unaona nyekundu, ndiyo unajua umepata mshipa. Halafu unampa mwenzako. Tulikuwa tunasuuza na maji. Maji tu."

"Dedan alikufa na kifua kikuu," Nabalayo alisema upesi.

"Ndivyo mama yake alisema." Mugo alifungua macho. "Odero alikufa Februari. Mimi walinipima. Mwambie, mathe."

Teresiah hakutaka kusema. Alisema akitazama ukuta. "Ana ukimwi. Na ini nalo limeoza, ugonjwa mwingine wa damu hiyo hiyo. Daktari aliuliza kama kuna wengine waliotumia sindano hiyo. Nilimwambia wamekufa. Huyo wako alikuwa ameenda, nikasema aende na mashetani yake. Sikujua alienda nayo."

"Lakini yeye hutumia maji tu," Nabalayo alisema. "Anajidunga maji, watoto wamwone."

"Maji?" Mugo alitaka kucheka, ikawa kikohozi. "Mama Wesonga, hakuna mtu wa dozi anajidunga maji. Huko Mombasa unga ukikosekana walikuwa wanasaga vidonge vya usingizi. Atakuwa amepata vya mtu huko ocha, kijijini. Na hao vijana anafundisha jioni, hawafundishwi udaktari. Ni wanne tena."

Nabalayo aliona mlolongo wa watoto wa shule baada ya ibada, mikono imekunjuliwa. Nyuma ya kila mtoto aliona mwingine. Mbele kabisa aliona gauni la njano la Triza. Alisikia sauti ya mwanawe: nani shujaa anifuate? Akaketi juu ya kitanda cha Mugo bila kukaribishwa.

"Anadunga tena lini?" Teresiah aliuliza.

"Kesho. Baada ya ibada."

Wanawake wawili ambao hawakuwa wakisalimiana walitoka pamoja mbio, mmoja amevaa malapa, mwingine amesahau leso yake. Kutoka Kaloleni hadi stendi ya Kantri Basi si mbali, lakini njia siku hiyo ilikuwa tope na mikokoteni. Basi la Asenath lilikuwa limeondoka saa nyingi. Wifi huyo angefika usiku, na dawa zikiwa kwenye kiondo.

Basi la jioni lilikuwa linapakiwa. Shule zilikuwa zimefungwa, na wanafunzi wa bweni walijaa hadi ngazini na masanduku yao. Nabalayo alimshika utingo mkono.

"Hata kusimama, baba. Hata juu kwenye mizigo."

"Mama, barabarani kuna polisi mpaka Eldoret. Hawa wenyewe nimewapakia kama magunia. Njoo kesho alfajiri, nakuwekea kiti cha mbele kama mke wa waziri."

"Kesho nitakuwa nimechelewa."

"Kuna msiba?"

"Bado," alisema.

Utingo alimtazama vizuri. "Kama ni ujumbe, andika. Barua haina matako, haihitaji kiti. Tunaondoka giza likiingia. Tunafika njia panda ya kwenu kukipambazuka. Nimpe nani?"

Hapo ndipo hofu ya pili ilipomkamata, kubwa kuliko ya kwanza. Palikuwa na mtu mmoja tu ambaye barua ingemfikia kabla ya ibada: Andati, shemeji yake, aliyepeleka maziwa kwenye hoteli ya njia panda kila alfajiri. Andati mzee wa kanisa. Andati ambaye mwaka uliopita, mwizi wa ng'ombe aliposhikwa sokoni, ndiye aliyetoa mafuta ya taa. Nabalayo alikuwepo siku hiyo. Harufu ile aliibeba kwenye nguo zake hadi Nairobi.

Walirudi kwa Teresiah kutafuta karatasi. Nabalayo alijua kuandika. Alikuwa amejifunza kwenye gumbaru, masomo ya watu wazima, katika ukumbi wa Kaloleni, jioni baada ya kazi, akiwa na mimba ya Wesonga, na mwalimu alikuwa akimsifu kwa herufi zake zilizosimama wima. Aliandika haraka, akasoma kwa sauti ya chini:

"Shemeji Andati, salamu. Dawa alizonunua Asenath ni za bandia. Zinaua. Nimepata habari hapa mjini. Zitupeni zote chooni na msimdunge mtu yeyote. Nakuja kesho."

Aliinua macho. "Hii inatosha. Hakuna dawa, hakuna sindano. Triza atabaki salama. Mimi nafika, namchukua Wesonga, naivunja kwa jiwe, na hakuna atakayejua."

Teresiah aliichukua karatasi, akaigeuza kama anatafuta kitu nyuma yake.

"Na waliokwisha kudungwa?"

"Hao..." Nabalayo alianza.

"Yule mnene. Yule mtoto aliyeomba ugali. Huyo mnene ana mume?"

"Ana mume. Ananyonyesha."

"Na wale vijana watatu. Kesho wakikosa dawa ya kudunga watoto, hawatajidunga wenyewe?"

"Unataka wamchome mwanangu!" Nabalayo alipiga kelele. "Wako anakufa kitandani, ndiyo unataka wangu afe kwa moto!"

Watu wawili waliokuwa wakipita nje walisimama. Teresiah alifunga mlango. Hakukasirika, na hilo lilimtisha Nabalayo zaidi kuliko matusi.

"Wangu aliniambia ni kifua," alisema. "Mama yake Dedan aliniambia ni kifua. Na mimi nikawaambia watu ni kifua. Kama yule mama angesema Dedan amekufa na nini, ningemburuta Mugo hospitalini mwaka jana. Hata wewe ungejua. Sote tulikuwa na haya, Mama Wesonga. Nenda pale nyuma ya shuka ukaangalie haya inafanya nini."

Nabalayo hakuhitaji kwenda. Mugo alikuwa akihema, wakamsikia.

Teresiah alitazama nje kuona jua limefika wapi. Nabalayo alikuwa anapima watu: huyu aliyemnyonyesha yeye, na wale walionyonyeshwa na wengine. Hakukuwa na mizani. Kila alipomweka Wesonga upande mmoja, upande huo ulizama. Kisha akakumbuka jinsi alivyosimama katikati ya wazee wa nyumbani na kusema neno hospitali. Wale watu hawakuwa wajinga. Walimpa mwanawe mikono yao kwa sababu yeye, mama yake, aliwaambia.

Aliichana ile karatasi, akaomba nyingine. Safari hii aliandika polepole, na herufi zake zikalala.

"Shemeji Andati. Soma hii peke yako, umeketi. Wesonga si daktari. Hakufanya kazi hospitalini, niliwadanganya. Anatumia dawa za kulevya, na sindano yake ilitumiwa na watu wenye ukimwi ambao sasa wamekufa. Pengine na yeye anao. Asimdunge Triza. Asimdunge yeyote. Chukua hiyo sindano uifungie mbali. Triza mpeleke hospitali kubwa leo hii hata kwa toroli. Wote aliowadunga wapimwe, na wale vijana watatu pia, maana wanajidunga naye jioni. Wasiogope kuuliza, hospitalini wataelezwa. Najua hasira yako. Nakuomba kwa jina la ndugu yako aliye kaburini, mfungie mtoto ndani na ukae mlangoni. Watu wakija, waambie mama yake yuko njiani. Mimi ndiye niliyemleta kwao. Wanisubiri mimi kwanza."

Teresiah alileta bahasha. Nabalayo aliikunja karatasi, akaitia, akajaribu kuilamba gundi, lakini ulimi wake ulikuwa mkavu kama ngozi ya ngoma. Alijaribu tena. Hakuna mate. Teresiah aliichukua, akailamba yeye, akaibana kwa kiganja juu ya meza mpaka ikashika.

Stendi ilikuwa na giza la kwanza na taa za mbele za mabasi. Injini ilikuwa inanguruma. Utingo aliwaona, akaning'inia mlangoni akanyoosha mkono.

"Ni posa, mama? Mbona unaishika hivyo?"

"Mpe Andati wa maziwa. Mkononi mwake, si kwa mwenye hoteli. Usimpe mtu mwingine."

"Namjua. Si yule mzee mkali?"

"Ndiye."

"Basi achilia."

Aligundua kwamba bado alikuwa ameishika. Vidole vyake vilikuwa vimekauka juu ya bahasha, na basi lilikuwa limeanza kusogea, naye akitembea nalo, kisha akikimbia nalo, huku wanafunzi dirishani wakimcheka. Teresiah alikuwa nyuma akiita jina lake, lile la kwao, si la mama wa fulani.

Nabalayo akaachilia. Utingo aliitia barua kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo, akagonga ubavu wa basi mara mbili, nalo likatoka.